Vita na Majukumu ya Kijinsia katika Chozi la Heri

Watahiniwa wengi walipojadili Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei, riwaya iliyoanza kutahiniwa katika KCSE mwaka wa 2018, hoja yao ilikuwa moja: vita huwatesa wanawake. Hoja hiyo ni sahihi, ila haitoshi. Jiulize: je, jinsia inaathiriwa na vita tu, au pia inavichochea?

Rejelea historia kwanza. Katika uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, wagombea wakuu wa urais, Mwai Kibaki na Raila Odinga, walikuwa wanaume. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Hapa Eldoret tunalikumbuka kanisa la Kiambaa, lililoteketezwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa wanawake na watoto, na maelfu waliopiga kambi katika uwanja wa maonyesho. Matei anaikaribia historia hii, lakini mshindi wake ni mwanamke, Mwekevu. Badiliko hili si pambo. Wanaoyakataa matokeo wanakataa pia mwanamke kushika hatamu. Ukabila na taasubi ya kiume vinashikana mikono.

Tazama sasa athari zake kwa wahusika.

Kwanza, dhana ya mwanamume kama mlinzi inavunjika. Kaizari anashuhudia binti zake, Lime na Mwanaheri, wakinajisiwa, naye hana la kufanya. Ridhaa, daktari mwenye hadhi, anapoteza jamaa zake katika nyumba iliyochomwa.

Pili, ndoa inageuzwa mpaka wa kikabila. Selume anatengana na mumewe kwa sababu ya asili yake, ilhali ujuzi wake wa uuguzi unahitajika mno na wakimbizi.

Tatu, maisha ya kila siku yanapinduka. Katika Msitu wa Mamba, tajiri na maskini wanaungojea msaada mmoja, na hata choo kinakuwa tatizo.

Je, vita vimemkomboa mwanamke? La. Selume anaheshimiwa kwa kazi yake, lakini amepoteza nyumba yake. Wajibu unaotwikwa mtu wakati wa dharura si haki. Haki huchelewa: ni Desemba 2020 tu ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali iliwakosea manusura 4 wa dhuluma za kingono za ghasia zile.

Mwalimu mwenzangu, katika madarasa ya Eldoret, watoto wa familia zilizokimbia na zilizobaki huenda wanaketi dawati moja. Usiwaulize yaliyowapata kwao. Waulize yaliyompata Kaizari. Fasihi inatupa njia ya kuyasema haya bila kumnyoshea jirani kidole.

Swali la kudurusu: “Vita hubadilisha majukumu ya kijinsia bila kuleta usawa.” Thibitisha kauli hii kwa kurejelea Chozi la Heri. (alama 20)