Sifa za Mtafsiri Anayejua Kunyamaza

Muvi ya ngumi haimhitaji mtafsiri. Teke likitua shingoni, mtu wa Vudee na mtu wa Hong Kong wanalielewa vilevile. Ajabu ni kwamba muvi hizohizo ndizo zilizowapa jina ma-DJ wetu wa kutafsiri, wale ambao sauti zao huzisikia ukipita karibu na kibanda umiza chochote, kuanzia Same mjini hadi tambarare ya Ndungu. Kuchekesha ndiko kunakompima mtafsiri, na hasa kuchekesha kulikochanganywa na risasi.

Chukua Game Night, iliyotoka mwaka 2018, kazi ya waongozaji John Francis Daley na Jonathan Goldstein. Max na Annie, mume na mke wanaoigizwa na Jason Bateman na Rachel McAdams, hualika marafiki nyumbani kucheza michezo ya mezani. Brooks, nduguye Max, anawaletea mchezo mpya: mmoja wao atatekwa, wengine wafuate nyayo wamtafute. Halafu wanaingia watekaji wa kweli. Brooks anapigwa na kukokotwa, na wageni wanaendelea kula vitafunio, wakiusifia uigizaji.

Mtazamaji wa Same hana haja ya kuelezwa Max na Annie ni watu wa namna gani. Utani wa Watanzania unatwambia sisi Wapare kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya ubao wa drafti huku kwetu atakiri kwamba utani huo haukuzuka hewani. Wanandoa wasiokubali kushindwa hata na rafiki zao? Hao ni majirani.

Ugumu upo kwingine. Annie anaishika bastola ya kweli akiamini ni ya mchezo, anawatishia nayo wahalifu baa nzima, na hatimaye anampiga mumewe risasi ya mkono. Kicheko chote kimekaa kwenye pengo kati ya anachojua yeye na tunachojua sisi. Mtafsiri, kwa desturi ya kazi yake, ameshaiona muvi hadi mwisho kabla ya kushika kipaza sauti. Anajua nani adui, stelingi atatokaje, nani anamdanganya nani. Mtafsiri mchanga hawezi kuvumilia mzigo huo. Anapasua siri dakika tano kabla ya wakati wake, na kibanda kinapoa. Fundi anaumiliki ulimi wake. Atakwambia Annie amesema nini, lakini hatakwambia Annie amekosea nini.

Yupo pia Gary, polisi jirani, aliyeigizwa na Jesse Plemons, ambaye watazamaji wengi humtaja kwanza wanapoisifu muvi hii. Gary haongei sana. Anasimama mlangoni na mbwa wake mweupe mikononi, anakodoa macho, anauliza swali moja kwa sauti isiyopanda wala kushuka. DJ anayejaza ukimya ule kwa mizaha yake amemwibia Plemons kazi. Ni kweli wapo wanaolalamika kwamba mwishoni hadithi inapinda kona nyingi mno, na sina ugomvi nao. Lakini kona nyingi ndizo hasa zinazotaka dereva mzuri.

Ufundi huu una ukoo mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1935, kwa jirani zetu Wasambaa, pale Vugiri, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt. Picha zilikuwa bubu. Maneno yaliwekwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, yakapigwa sambamba na picha. Mradi ukafungwa mwaka 1937. Santuri ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuweza kuona kama watu wamecheka. Japani walikuwa na benshi, mtu aliyekaa kando ya turubai akisimulia picha bubu, na watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye. Kwetu alikuja Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu, akasimulia Dar es Salaam hadi sauti yake ikaenea kwenye kanda. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo, na pia VJ Emmie, ambaye maneno yake yamekuwa nusu ya utamu wa Who Killed Captain Alex? ya Wakaliga.

Najua hoja ya hakimiliki. Sheria ipo tangu 1999, na muvi nyingi zinazoingizwa kwenye flashi hazina kibali cha mtu yeyote. Hilo ni kosa, nami silitetei. Lakini dawa yake ni leseni. Kumwita mtafsiri mwizi na kuishia hapo hakumlipi mwenye filamu, na kunamnyima heshima fundi ambaye kazi yake wasomi wameshaiandikia.

Basi ombi langu kwa wenye studio za kutafsiri: pateni kibali, kisha Game Night mpeni DJ mzee, aliyezoea kungoja. Mkimpa kijana wa kupiga kelele, kiingilio changu msikihesabu.