Sekunde Tano za Grinda: Boneti Yangu Ilivyoungua

Doa lenyewe ni dogo, halizidi ukucha wa dole gumba. Liko ukingoni mwa boneti, upande wa dereva, pale bati linapojikunja kushukia taa. Ukisimama mbele ya gari hulioni. Sogea ubavuni saa kumi jioni, jua linapopiga chinichini kutoka magharibi, utaona mahali pamoja mng'ao umekatika na rangi imefubaa kama sahani ya melamini iliyozeeka kwa kusuguliwa. Nililitia mwenyewe, Jumapili moja asubuhi, kwa muda usiofika sekunde tano. Nataka kuzifungua hizo sekunde tano, maana kila ninapowasimulia watu nakuta mwingine naye ana doa lake, ila la kwake amelibandikia stika.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, rangi ya silva. Kwa msomaji wa Dar es Salaam hayo yanatosha. Kwa miaka kadhaa limekuwa likishinda mtaa wa Narung'ombe au Sikukuu, na anayeegesha Kariakoo hulipa ada mbili: ya maegesho na ya rangi. Guta lililojaa marobota ya vitambaa likikosa njia hupitia mlangoni kwako. Usukani wa bodaboda, zipu ya begi, pembe ya boksi la mchukuzi anayeita "mzigo, mzigo!" huku haoni mbele, kila kimoja kina alama yake, na ukizoea utazitambua kama daktari anavyotambua majipu.

Ila mwenye kuumiza zaidi ni yule kijana mwema anayelifuta gari vumbi kwa tambara kavu, akitumaini umwachie jero. Vumbi la Kariakoo lina mchanga. Tambara likipita juu yake bila maji linauburuta, na baada ya mwaka mmoja boneti yote imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, mithili ya utando wa buibui, isiyoonekana kivulini na isiyofichika juani. Ongeza na kunguru. Ndege huyu alitoka India, akaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akavuka bahari na kuishika Dar es Salaam yote. Kinyesi chake kikikaukia kwenye bati lenye joto kinaila rangi kabla hujarudi kutoka kula mchana.

Basi nilikuwa na sababu za kutaka kupiga polishi. Nilishuka kwenye maduka ya Gerezani, nikanunua chupa ya kompaundi nzito, karatasi mbili za msasa wa maji namba 2000, na pedi ya manyoya ya kufungwa kwenye mashine. Mashine sikuwa nayo. Jirani yangu mchomeleaji alikuwa na grinda, akaniazima bila neno.

Mkono wangu ulikosea baadaye. Kilichotangulia kukosea ni nati. Pedi nyingi za kupigia polishi hufungwa kwa meno ya M14. Grinda ya inchi tano nayo, kwa kawaida, mhimili wake ni M14. Kwa hiyo pedi inaingia, inakaza, inazunguka, na hakuna kitu chochote kinachokwambia kwamba umevioanisha vyombo viwili visivyofahamiana. Watengenezaji wangeamua kutofautisha meno hayo, maboneti mengi yangepona.

Tofauti iko kwenye mwendo. Grinda imeundwa kukata chuma, nayo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko huanzia kama 600 na kilele chake ni kama 3,000. Anayejifunza anashauriwa asivuke 1,500. Piga hesabu. Pedi ya upana wa sentimita 12.5 kwa mizunguko 11,000, ukingo wake unaisugua rangi kwa kilomita 259 kwa saa. Pedi pana zaidi, ya sentimita 18, kwenye mashine yenyewe iliyowekwa 1,500, inakwenda kilomita 51. Huu wa pili ni mwendo wa daladala Barabara ya Morogoro usiku kukiwa hakuna foleni. Ule wa kwanza ni mwendo wa ndege inayotaka kuacha ardhi.

Na pedi hiyo ilikuwa inasugua nini? Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tunaiwaza rangi ya gari kama rangi ya ukuta, kitu kinene unachoweza kukikwangua. Kwa kawaida gari la kiwandani lina matabaka manne juu ya bati. La chini ni la kuzuia kutu, linalowekwa kwa kuitumbukiza bodi nzima kwenye dimbwi lenye umeme. Juu yake praima. Halafu rangi yenyewe, ile silva, ambayo ndiyo nyembamba kuliko zote. Mwisho klia, tabaka lisilo na rangi linaloleta mng'ao na kuikinga ile ya chini isiliwe na jua. Yote manne kwa pamoja, kwenye gari la Kijapani, hucheza kwenye maikroni 100 hadi 130, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele mmoja wa kichwani kwako una kama 70. Maana yake kila kinachong'aa kwenye gari lako ni chembamba kuliko unywele, na ndicho pekee unachoruhusiwa kukigusa.

Sasa, polishi haiongezi kitu. Hili ningependa liandikwe kwa wino mzito kwenye kila chupa inayouzwa Gerezani. Mkwaruzo ni bonde, na bonde halijazwi kwa kompaundi. Unachofanya ni kuvishusha vilima vilivyolizunguka mpaka vilingane nalo. Mikwaruzo ya tambara ni mifupi kwenda chini, kwa hiyo kilima kinashuka kidogo na klia inabaki ya kutosha. Mkwaruzo wa guta ni habari nyingine. Pitisha ukucha juu yake kwa kuukata: ukinasa, jua kwamba kuufuta kutakula sehemu kubwa ya klia mahali hapo, pengine yote. Mlango wangu wa nyuma ulikuwa na mkwaruzo wa namna hiyo, na ukucha ulinasa. Niliuona na bado nikanunua msasa.

Kuhusu msasa, wacha nipite njia ya pembeni kidogo. Neno hili kwanza ni jina la mti. Majani yake yana miiba midogo kama ulimi wa paka, na maseremala wa pwani waliyatumia kulainishia mbao muda mrefu kabla ya karatasi ya dukani. Huu wa maji, tunaousugulia magari, ulitoka kampuni ya 3M ya Marekani mwaka 1921, nao ulipendwa na wapiga rangi wa magari kwa sababu maji yalizuia vumbi lisiwaingie mapafuni. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani msasa namba 2000 ni wa kung'arisha. Ni wa kukata. Unaacha uso wenye ukungu, na ukungu huo lazima uondolewe kwa kompaundi, ambayo nayo inakata. Umeshakula mara mbili kabla hujaanza kutafuta mng'ao.

Kabla ya kukata, jua pia rangi yenyewe ni ya aina gani. Ukinyanyua boneti ya Toyota utakuta bamba dogo la maandishi lenye neno COLOR na alama tatu za namba au herufi. Likisema 040, hiyo ni nyeupe tupu, na mara nyingi haina klia kabisa. Rangi na mng'ao ni tabaka moja. Ukiisugua tambara linageuka jeupe, na mwenye gari anaruka kwa hofu bure. Kwenye silva au lulu, tambara likitoka na rangi ya gari, hofu ni halali: klia imekwisha, unasugua uchi. Nyeusi ya 202 nayo ni tupu vilevile, na ulaini wake ni wa kusifika kwa ubaya. Hata kitambaa kisafi kinaichora.

Nadhani tabia yetu ya kusugua bila hofu ilitoka enzi ya rangi za namna hiyo. Peugeot 504 na Land Rover za zamani zilipakwa rangi nzito ya tabaka moja. Jua liliipausha ikawa kama chaki, mzee akaisugua kwa kompaundi Jumamosi, chaki ikatoka, rangi ikafufuka, na mwakani akarudia. Klia ilipokuja kuenea kuanzia miaka ya 1980, magari yalibadilika ila ushauri wa kijiweni ukabaki uleule. Dawa ya meno, poda ya kusugulia masufuria, dawa ya kung'arishia shaba: vyote hivyo ni mchanga laini ndani ya uji, na hakuna anayejua ukali wake kwenye klia mpaka amalize.

Nirudi kwenye zile sekunde. Mlango ulikuwa umeenda salama kwa mkono, au nilidhani hivyo. Saa nne kasoro nilihamia kwenye boneti na grinda. Jua lilikuwa limeshakolea, na bati la gari lililosimama juani Dar es Salaam hupata moto kirahisi. Kompaundi ilikauka kabla haijafanya kazi, ikawa unga, nikaongeza nyingine, nikabonyeza zaidi. Katikati ya boneti, ambako ni bapa, pedi ilikaa sawasawa na uzito ukagawanyika. Kisha nikafika ukingoni. Hapo mambo matatu yalikutana. Rangi ikiwa bado mbichi kiwandani hukimbia ncha, kwa hiyo ukingoni klia ni nyembamba kuliko kwingineko. Pedi ilipopanda kwenye mkunjo ilisimamia mstari mmoja, na nguvu zangu zote zikabebwa na eneo la upana wa penseli. Na joto la msuguano, likikosa pa kutawanyikia, lilibaki palepale. Nilisikia harufu kama ya waya wa umeme unaoungua. Nilipoinua mashine, manyoya yalikuwa na kijivu cha silva.

Lau ingekuwa bampa, ingekuwa mbaya zaidi. Plastiki haisafirishi joto kama bati, na rangi yake huvimba na kuvutika kama ngozi ya maziwa.

Ajabu ni kwamba gari lilipendeza. Nilimalizia kwa polishi ya mafuta, jioni likawa linawaka, na majirani wakaniuliza nimelipeleka wapi. Baada ya kuoshwa mara mbili, utando wa buibui ukarudi, safari hii ukiwa na mawimbi marefu yaliyofuata njia ya pedi. Mafuta yalikuwa yamejaza mabonde tu. Anayetaka kujua kama polishi aliyopigiwa ni kweli, achukue kitambaa laini chenye spiriti, afute eneo la kiganja, halafu amulike kwa tochi ya simu. Kilichojificha kitajitokeza hapohapo, kabla hujatoa hela.

Fundi niliyempelekea, kijana wa nyuma ya maduka ya Gerezani, hakuniuliza lolote. Aliinama, akalitazama doa kwa tochi, akasema, "Mzee, hii umepiga na grinda." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: mashine ya polishi ingeacha ukungu mpana kwanza, ikikupa muda wa kushtuka, hapa ukungu haukuwepo, klia ilikuwa imekatika kwa kingo kali kana kwamba imechomwa. Kisha akatoa mfukoni sumaku ya spika iliyofungwa kitambaa, akaizungusha juu ya mlango wa nyuma. Kwenye mlango wa mbele ilinasa kwa nguvu. Kwenye huu wa nyuma ilinasa kwa uvivu, na mahali pamoja ikaanguka. Mlango ulikuwa na pati ya kujazia mabonyeo chini ya rangi. Ulishawahi kunyooshwa na kupigwa rangi upya, huenda hata kabla haujapanda meli.

Nikakumbuka karatasi ya mnada wa Japani iliyokuja na gari. Pale kwenye mchoro wa mlango kulikuwa na herufi W2, na mimi niliisoma kama namba ya stoo. W ni alama ya paneli iliyonyooshwa. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, XX ni paneli iliyobadilishwa. Kwenye W huwezi kujua juu kuna klia kiasi gani, wala ni ya aina gani. Fundi alilowesha tambara kwa tina, akaligusisha chini ya fremu ya mlango mahali pasipoonekana, akasubiri kidogo: rangi haikulainika. Ilikuwa ya kuchanganywa na hadina, akasema, ingelikuwa ile ya kukauka yenyewe ingetoka na tambara, na msasa wako ungeimaliza siku ileile.

Doa halipigiwi polishi. Klia ikishakatika, hakuna chupa inayoirudisha, na kupulizia kiduara cha klia juu ya doa kunaacha pete itakayonyanyuka. Inabidi boneti nzima ipigwe msasa, ipate rangi na klia upya. Na silva ndiyo rangi ngumu kuliko zote kuilinganisha, kwa sababu ndani yake mna vipande vya alumini vinavyolala kila kimoja kwa mwelekeo wake. Bunduki ya rangi ikisogea karibu kidogo au mbali kidogo, boneti inatoka na silva yake na mafenda na yao.

Nilimwambia anipe wiki nifikirie. Kwa sasa nimelipaka nta, ambayo angalau haikati kitu, na ukingo wote wa boneti nimeuzungushia, akilini tu, utepe wa karatasi wa wapiga rangi, ule ambao Richard Drew wa 3M aliubuni mwaka 1925 kwa ajili ya watu wa kazi hiyohiyo, na ambao rola yake moja ingeniokoa. Kijana wa tambara kavu tumeelewana: namwachia jero yake asubuhi, kwa sharti kwamba asiliguse.

Na ule mkwaruzo wa guta mlangoni upo. Fundi aliupitishia ukucha, ukanasa. "Huu uache, mzee," alisema, akazima tochi.