Hongera kwa Wang'oa Ndago

Hongereni, mafundi wa bustani wa Arua na Koboko. Mtu huwaita akiwa amekwisha kushindwa na ndago mbele ya nyumba yake.

Ndago haimalizwi kwa kufyeka. Chini ya udongo ina viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa mizizi kama shanga. Ukiikata juu kwa jembe, vilivyobaki huchipua, na shina moja huwa mengi. Fundi hodari hana pupa. Huingiza jembe-uma, huinua bonge zima la udongo, hulipasua kwa vidole na kutoa kiazi kimoja kimoja. Tena huchagua kiangazi, Desemba hadi Februari, ili jua la eneo lao la West Nile livikaushe vilivyofukuliwa.

Arua ni jiji tangu Julai 2020, na jiji lapaswa kuuthamini ufundi huu. Mchana kutwa mtu ameinama, halafu alipwe kama kibarua? Mimi nasema alipwe kama mwashi.

Mvua zikirudi fundi hupanda nyasi za paspalamu, vipande vikikaribiana ili majani yafunike ardhi upesi, maana ndago haistahimili kivuli. Baada ya wiki chache fundi mwema hurudi, bila kuitwa, kung'oa machipukizi yaliyomponyoka.