Umeme Unaokwama Kwenye Kiungo

Reli ya Kaliua–Mpanda, yenye upana wa meta moja, inabeba uzito tu. Vipande vyake vikikutana, vyuma vya ubavuni na boliti hutosha. Kutu kidogo hakuizuii treni kufika Mpanda. Seti kuukuu ya treni ya mezani iliyotandazwa hapa Kabungu haina nafasi hiyo. Reli zake mbili, zilizoachana milimita 16.5, ndizo nyaya: moja inapeleka umeme wa volti 12, nyingine inaurudisha. Vibati vya maungio, vilivyolegea kwa umri, hupitisha vumbi jekundu na unyevu wa mvua.

Karibu na transfoma kichwa cha treni kilikimbia. Upande wa mbali kikajikokota. Mita ikasoma volti 12 kulekule mbali, na wengi wangeanza kuilaumu mota. Kumbe treni ilikuwa imetolewa relini. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo kiungo kibovu hakijioneshi. Treni iliporudishwa na kuvuta nusu ampea, zilibaki volti 9. Hesabu yake nyepesi: viungo 12 njiani, kwenda na kurudi, kila kimoja kikiwa na ukinzani wa nusu omu, ni omu 6, zidisha kwa nusu ampea, volti 3 zimepotelea humo.

Juu ya reli ilipitishwa nguo yenye spiriti. Msasa mkali haufai: huacha mikwaruzo, na uchafu hupenda mikwaruzo. Lakini usafi huo hauponyi kiungo. Vibati vilibanwa kwa koleo, kisha kila ungio likavukwa na waya mwembamba uliochomelewa kwa risasi ubavuni mwa reli, pande zote mbili. Hapo ndipo penye ufundi. Mataruma ni ya plastiki, yanayeyuka haraka. Pamba yenye maji huwekwa kando ya sehemu inayochomwa, na joto liguse kidogo tu. Waya uachwe na ulegevu, kwa sababu reli hutanuka kwa joto la mchana.

Reli ya kisasa ya Dar es Salaam–Dodoma, inayoendeshwa kwa volti 25,000, nayo hurudisha mkondo kupitia reli, ila vipande vyake vimechomelewa.

Kwenye seti ya mezani, mwisho ikaongezwa jozi ya nyaya chini ya meza, kutoka transfoma hadi upande wa mbali. Rangi za nyaya zikichanganywa hapo, ni shoti.