Haki ya Panya wa Maabara

Katika maabara za kupima dawa kuna kazi isiyoimbwa na mtu: kupasua mizoga ya wanyama wa majaribio na kusaka, kiungo kwa kiungo, dawa imewatenda nini. Naisifu kwa moyo wote, kwani ndani yake ustadi na heshima haviachani.

Panya akishakufa, kongosho na utando wa ndani wa utumbo huanza kuoza upesi mno, kwa hiyo mikono haina budi kukimbia. Macho ndiyo yasiyoruhusiwa haraka. Fundi hodari huanza nje: manyoya, pua, masikio, njia ya haja. Humlaza chali, hulowesha manyoya kwa spiriti, humpasua kutoka kinena hadi kidevuni, na kabla hajang'oa chochote hukitazama kila kiungo mahali pake. Ini, moyo, figo na wengu hupimwa uzito. Tezi za adrenali, ndogo mno, hazishikwi zenyewe. Kibano hushika mafuta yaliyozizunguka, maana zikiminywa zimeharibika. Mapafu hujazwa formalini kupitia bomba la hewa yasinywee.

Kisha huandika alichokiona, si anachokidhani. Haandiki "saratani". Huandika: ini, upande wa kushoto, uvimbe mmoja, mweupe, mgumu, milimita 3. Jina la ugonjwa litasubiri hadubini.

Umakini huo umeokoa watu. Mwaka 1937 huko Marekani, dawa ya maji ya salfanilamidi iliua watu zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Ilikuwa imeuzwa bila kujaribiwa kwa mnyama yeyote. Katika maabara ya Eugene Geiling, Chuo Kikuu cha Chicago, wanyama walipewa dawa ile na sehemu zake mojamoja, wakachunguzwa, na ikabainika kwamba muuaji ni daiethilini glaikoli iliyotumika kuyeyushia, sumu inayoharibu figo. Mwaka uliofuata sheria ikadai usalama wa dawa uthibitishwe kabla haijafika sokoni. Frances Kelsey, mwanafunzi aliyeshiriki uchunguzi ule, ndiye aliyekuja kukataa kuidhinisha nchini Marekani, miaka ya 1960, thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto wangali tumboni. Alikwisha kujifunza kudai ushahidi.

Panya hakuombwa ridhaa. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliwahimiza wanasayansi wenzao kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao na kuwapunguzia mateso. Meza ya upasuaji ni mahali pa kutimiza wito huo, kwa kuwa kiungo kilichosahaulika au kilichoozea mwilini hudai mnyama mwingine afe kwa swali lile lile. Kumchunguza vizuri aliyekwisha kufa ni kumlinda aliye hai. Maabara inayotaka kweli kupunguza vifo ianze kwa kumpa fundi huyu muda wa kutosha, mizani sahihi na nafasi ya kusikilizwa jaribio linapopangwa.