Zana ya Kutafuta Inapoandikiwa Wakala wa Akili Unde

Mwaka 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton nchini Marekani, wakiwemo John Yang na Carlos Jimenez, walipima jambo ambalo watengenezaji wengi wa programu walikuwa wakilichukulia kwa mazoea. Wakala wa akili unde, yaani programu inayotumia modeli ya lugha kufanya kazi hatua kwa hatua, akiongezewa zana ya kutafuta ndani ya msimbo, je, kazi yake inakuwa bora? Walichogundua ni kwamba zana moja ilimpandisha, na nyingine ikamshusha hadi chini ya alama alizopata bila zana hiyo.

Wakala huyo, SWE-agent, aliendeshwa na modeli ya GPT-4 Turbo na kupewa kazi 300 za kurekebisha hitilafu halisi katika miradi ya wazi ya Python. Alipoachiwa amri za kawaida za Linux za kutafutia, alitatua asilimia 15.7. Alipopewa zana inayoonyesha matokeo moja baada ya jingine, alishuka hadi asilimia 12. Alipopewa zana inayompa muhtasari wa matokeo yote kwa mkupuo, alipanda hadi asilimia 18. Modeli ni ileile na kazi ni zilezile. Tofauti ni namna ya kutafuta na kujibiwa.

Zana iliyomwangusha iliigwa kutoka kwa vihariri vinavyotumiwa na binadamu: unaandika neno, unaonyeshwa lilipo, kisha unabonyeza kwenda pengine linapotokea. Mwandishi wa programu huangalia mawili matatu, akaona hayana maana, akabadili neno. Wakala hakufanya hivyo. Aliendelea kuomba jibu linalofuata, na linalofuata tena, mpaka bajeti au nafasi ya kumbukumbu yake ikaisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Zana iliyofaulu ilimfungia mlango huo. Ilimpa orodha fupi ya mahali neno lilipoonekana, na ikaweka kikomo cha matokeo 50. Yakizidi hapo, haimwagi chochote. Inamwambia aandike swali mahususi zaidi. Jibu la namna hiyo ni maelezo ya matumizi yanayofika wakati yanapohitajika. Wakala hahitaji kukumbuka kanuni aliyoisoma mwanzoni mwa kazi, kwa sababu zana yenyewe inamwelekeza pale anapokwama.

Jambo jingine linaloonekana dogo ni ukimya. Amri ya grep, iliyoandikwa na Ken Thompson wa Bell Labs miaka ya mwanzo ya 1970, isipopata kitu haichapishi hata herufi moja. Inarudisha tu namba ya hali ambayo mtumiaji haioni: 0 ikiwa imepata, 1 ikiwa haikupata, 2 ikiwa kumetokea kosa. Mtu mzoefu anaelewa. Wakala anayesoma maandishi tu hana njia ya kujua kama neno halipo, kama ametafuta kwenye folda isiyo sahihi, au kama amri haikufanya kazi kabisa. Watafiti wa Princeton waliamua kwamba amri isiyo na matokeo imjibu wakala kwa sentensi kamili, kuwa imetekelezwa salama na haikutoa chochote. Kwa sentensi hiyo moja, kubahatisha kunapungua.

Maelezo ya amri zenyewe za SWE-agent yaliandikwa kwa ufupi. Amri ya kutafuta ndani ya folda, search_dir, inatajwa jina, jinsi inavyoandikwa, inachokifanya, na kinachotokea folda isipotajwa: itatafuta ndani ya folda uliyomo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika mara nyingi katika nyaraka za zana, na bila hayo wakala hulazimika kukisia.

Uzoefu wa kampuni ya akili unde ya Anthropic unaonyesha jambo hilohilo. Desemba 2024 ilieleza kwamba wakala wake alikuwa akikosea anwani za faili baada ya kuhama kutoka folda kuu ya mradi. Tiba haikuwa onyo refu. Zana ilibadilishwa ili idai anwani kamili daima, na makosa yakakoma. Mwaka 2025 ikaeleza kisa cha zana ya kutafuta mtandaoni: modeli ilikuwa ikichomeka “2025” kwenye maswali bila sababu, na matokeo yakaharibika. Hapo dawa ilikuwa kuandika upya maelezo ya zana.

Uzito wa maelezo hayo umeongezeka tangu Novemba 2024, Anthropic ilipotoa itifaki ya MCP ya kuunganisha modeli na zana za nje. Chini ya itifaki hiyo, zana hujitambulisha kwa jina, maelezo, na muundo wa taarifa inazopokea. Modeli haimwoni aliyeitengeneza wala haisomi msimbo wake. Maelezo yakisema “hutafuta data” na kuishia hapo, wakala hajui ni data ipi, kwa neno kamili au sehemu ya neno, wala atarudishiwa majibu mangapi.

Kwa hiyo anayeandika maelezo ya zana ya kutafuta aeleze inatafuta wapi na haitafuti wapi, atoe mfano mmoja wa swali sahihi, ataje kikomo cha matokeo, na aseme wakala afanye nini akikosa jibu. Kisha ampe wakala kazi halisi, asome kumbukumbu za kila hatua aliyopiga, na alinganishe matokeo kabla na baada ya kila badiliko. Watafiti wa Princeton wasingefanya ulinganisho huo, zana iliyomrudisha wakala nyuma ingeonekana msaada mzuri tu. Wewe unayetengeneza zana leo, usiiachie kazi kabla hujaipima kwa njia hiyo.