Ua la Ardabil Limepindaje?

Kwenye zulia hakuna mstari uliopinda. Mtande umesimama wima, mshindio umelala, na kila fundo ni kinukta cha rangi kilichobanwa hapo kati. Sasa lile ua la Kiajemi, na bua lake linalojiviringa kama mtambaazi uliokosa mti, limepindaje?

Ni hesabu tu. Chukua zulia la Ardabil, lililofumwa Iran mwaka 946 Hijria (1539–40), ambalo leo liko kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, London. Lina urefu unaozidi mita 10 na upana unaozidi mita 5, na kila mraba wa sentimita 10 kwa 10 umebeba mafundo yapatayo 5,300. Weka ncha ya kidole chako hapo: umefunika mafundo zaidi ya 50. Ukingo wa petali ni ngazi, ila vidato vyake ni vidogo mno hata jicho linaviunganisha lenyewe.

Wingi huo hauji kwa subira peke yake. Mafundo ni ya sufu, lakini mtande na mshindio ni hariri, uzi mwembamba usiokatika ovyo, hivyo nyuzi nyingi zinakaa bega kwa bega. Sufu nayo huzungushwa kwenye uzi mmoja wa mtande, kisha hupitishwa nyuma tu ya ule wa pili. Safu ikijaa, mshindio hupitishwa na kugongwa kwa chanuo zito. Halafu unakuja mkasi. Sufu ikiachwa ndefu, petali hulaliana na kazi yote ya kuhesabu inapotea. Ikikatwa fupi, kila ukingo unasimama.

Rangi ni 10 tu, nyingine zikitokana na maganda ya komamanga na nili. Jina lililofumwa upande mmoja ni la Maqsud Kashani. Sidhani kama alifunga hata fundo moja. Kwa zulia la ukubwa ule, mtu kama yeye angekuwa msimamizi.

William Morris, ambaye maua ya vitambaa ndiyo yaliyokuwa kazi yake, ndiye aliyeshauri makumbusho yalinunue zulia hilo, na mwaka 1893 likanunuliwa kwa pauni 2,000. Lilikuwa limeshatiwa viraka: palipochakaa pamezibwa kwa vipande vya zulia pacha, ambalo sasa liko Los Angeles bila pindo zake. Mabua yalibidi yakutane fundo kwa fundo, na ukilitazama ukiwa umesimama, si rahisi kuona kiraka kilipoanzia.